Mauaji ya Krismasi na kitanzi kisichoonekana

Kila mwaka Desemba ikikaribia, maduka ya vitabu ya Uingereza na Marekani hujaa riwaya za namna moja. Kwenye jalada kuna nyumba ya wageni iliyofunikwa na theluji, dirisha moja linawaka taa, na ndani, tunaahidiwa, kuna maiti. Barabara zimefungwa, ni mkesha wa Krismasi wa mwaka 1890 au 1932, na muuaji ni mmoja wa wale wanaokula bata mzinga. Mwaka 2014 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilichapisha upya riwaya ya J. Jefferson Farjeon ya mwaka 1937, ambayo karibu kila mtu alikuwa ameisahau, kuhusu abiria waliokwama kwenye theluji siku ya mkesha wa Krismasi. Ikauzika kuliko ilivyotarajiwa, na tangu hapo kila mchapishaji anataka ya kwake. Netflix nao hawakubaki nyuma: Agosti 2025 walitoa filamu ya wastaafu wanaochunguza mauaji huku wakinywa chai. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anazipata hadithi hizi kwenye simu yake kwa urahisi kuliko anavyoipata riwaya mpya ya Kiswahili.

Wanaozisifu na wanaozibeza wanakubaliana kwenye jambo moja, kwamba hii ni burudani tupu. Wa kwanza wanasema burudani haina kosa, wa pili wanasema kucheza na maiti siku ya Krismasi ni utovu wa adabu. Nadhani pande zote mbili zimeisoma picha ya jalada zikaacha kitabu. Riwaya hizi, hasa zile zinazojiita za kihistoria, ni hadithi za sheria kuliko zilivyo hadithi za sikukuu. Nyumba ya wageni, theluji na Krismasi yenyewe vina kazi ya kisheria ndani yake. Raha inayopatikana humo inategemea jambo moja ambalo halitajwi: kitabu hufungwa kabla mtu hajanyongwa. Mwandishi wa leo anayeturudisha England ya 1932 kisha akakiacha kitanzi nje ametupa mavazi ya enzi hiyo, vifungo na mishumaa, lakini enzi yenyewe hakutupa.

Tuanze na nyumba ya wageni, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Inadhaniwa imechaguliwa kwa sababu inapendeza, moto wa kuni na harufu ya nyama ya kuoka. Huko England nyumba ya wageni ilikuwa taasisi ya kisheria karne nyingi kabla haijawa picha ya kadi. Katika shauri la Calye la mwaka 1584, mahakama ilieleza kwamba mali ya mgeni ikiibwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba ndiye wa kuwajibika. Ulikuwapo pia wajibu mwingine: kama nafasi ipo, hakuruhusiwa kumkataa msafiri mwenye uwezo wa kulipa bila sababu ya msingi. Mtu binafsi huchagua wa kumkaribisha, mwenye nyumba ya wageni hakuwa na uhuru huo. Kwa mwandishi wa hadithi za mauaji tofauti hiyo ni kubwa. Kwenye jumba la tajiri wa mashambani kila aliyeketi mezani amealikwa, kwa hiyo siri ni za kifamilia. Kwenye nyumba ya wageni, mchungaji, mfanyabiashara wa pamba, mjane, ofisa mstaafu wa jeshi na msichana wa jikoni wanalala chini ya paa moja bila kujuana, na sheria ndiyo iliyowaleta pamoja. Kinachosema wao ni akina nani ni daftari la wageni, na humo kila mtu hujiandika mwenyewe. Aliyewahi kulala gesti Singida au Makambako, akajaza jina, kabila, atokako na aendako, analijua daftari hilo, na anajua kwamba si kila kilichomo ni kweli.

Wajibu huo wa kumpokea kila mtu una historia isiyo na starehe hata kidogo. Mwaka 1943, vita vikiendelea, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, Learie Constantine, alifika na familia yake kwenye hoteli ya Imperial, Russell Square, London, ambako alikuwa amewekewa nafasi. Akaambiwa hawezi kukaa, kwa hofu ya kuwaudhi Wamarekani weupe waliokuwa wageni hapo. Uingereza haikuwa na sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi. Ya kwanza ilikuja 1965. Alichokishika Constantine mahakamani ni ile sheria kongwe ya nyumba za wageni, na mwaka 1944 Jaji Norman Birkett alimpa ushindi pamoja na fidia ya gini tano, kiasi kidogo cha kuthibitisha tu kwamba haki yake ilivunjwa. Sasa fikiria riwaya ya leo inayomketisha mgeni mweusi mezani mwaka 1935, na kila mtu akampitishia chumvi bila kukunja uso. Nia ni njema, lakini mwandishi ametupa mgogoro uliokuwa tayari umo ndani ya nyumba: mwenye nyumba anayebanwa na sheria upande mmoja na wateja wake upande mwingine, usiku ambao hakuna pengine pa kumpeleka mgeni huyo.

Kuna kiungo kingine, na hiki sikioni kikitajwa. Kwa karne nyingi, mtu akifa ghafla au kwa namna ya kutia shaka, ofisa mchunguzi wa vifo alikusanya jopo la wenyeji na kuketi nao mahali penye chumba kikubwa, na kijijini chumba hicho mara nyingi kilikuwa cha nyumba ya wageni au cha kilabu cha pombe. Maiti ililazwa chumba cha pili au kwenye banda la nyuma. Wanajopo walikwenda kuitazama kwa macho yao, jambo lililokuwa la lazima hadi mwaka 1926, kisha wakarudi kuwasikiliza mashahidi mmoja mmoja. Ni sheria ya leseni za pombe ya 1902 iliyoanza kuviondoa vikao hivyo kwenye nyumba za pombe, pale palipopatikana ukumbi mwingine wa kufaa. Kwa hiyo tunapoicheka ile sura ya mwisho, mpelelezi akiwakusanya wote sebuleni na kupitia mwenendo wa kila mmoja usiku wa tukio, tunacheka kitu ambacho babu za wasomaji wa kwanza walikiona kikifanywa na serikali katika chumba kama hichohicho.

Hata mpelelezi asiye na cheo, yule bibi kizee au daktari mstaafu anayeonekana kuwa uzushi wa waandishi, ana mizizi. Jeshi la polisi la London lilianzishwa 1829, kitengo chake cha upelelezi 1842, na kaunti zote za England na Wales hazikulazimishwa kuwa na polisi hadi 1856. Kabla ya hapo, msafiri akikutwa amekufa kitandani kwenye nyumba ya wageni ya barabarani, walioanza kuuliza maswali walikuwa ni majirani: konstebo wa kijiji ambaye kwa kawaida alikuwa na shughuli yake nyingine, hakimu ambaye ni mwenye shamba, tabibu aliye karibu. Riwaya iliyowekwa mwaka 1820 yenye mpelelezi wa kujitolea ina uhalisia kuliko ile ya 1820 inayotuletea inspekta. Na hofu ya nyumba ya wageni haikubuniwa na waandishi. Huko Peyrebeille, kusini mwa Ufaransa, Pierre Martin na mkewe Marie Breysse waliuawa kwa kukatwa vichwa tarehe 2 Oktoba 1833, pamoja na mtumishi wao, mbele ya nyumba yao wenyewe ya wageni. Walitiwa hatiani kwa kifo cha mgeni mmoja. Uvumi uliwabebesha makumi.

Krismasi nayo ina kazi yake. Usiku wa Krismasi ya 1836 dhoruba kubwa ya theluji iliipiga England, magari ya farasi ya posta yakakwama barabarani kwa siku kadhaa, na tarehe 27 Desemba theluji iliporomoka kutoka kilimani kwenye mji wa Lewes ikaua watu wanane. Mahali zilipobomolewa nyumba na theluji hiyo palijengwa baa ambayo hadi leo inabeba jina la ua dogo la theluji. Charles Dickens alikuwa kijana wa miaka 24 wakati huo, na mwaka 1855, katika toleo la Krismasi la jarida lake, alimkwamisha msafiri kwenye nyumba ya wageni ya Yorkshire iliyozingirwa na theluji, akawafanya watu wa humo wawe chimbuko la hadithi. Reli zilikuwa zimekwisha kuyaua magari ya farasi. Wasomaji wake walikuwa wakiikumbuka dunia iliyopita tayari, kama sisi tunavyozisoma riwaya hizi sasa. Theluji huondoa serikali kwa siku mbili au tatu: hakuna polisi, hakuna jaji, hakuna gazeti, waya wa simu umekatika. Waliobaki ndani lazima waamue wenyewe namna ya kumtendea mtu wanayemshuku, na wafanye hivyo huku wakiendelea kula meza moja naye.

Lakini Krismasi inaleta pia tatizo ambalo theluji pekee haileti, nalo ni msamaha. Mwaka 1892 Arthur Conan Doyle alichapisha kisa cha Sherlock Holmes kinachotokea siku mbili baada ya Krismasi, cha kito kilichofichwa ndani ya bata bukini. Holmes anamkamata mwizi, anamwona anavyotetemeka, anamfungulia mlango aende zake, na sababu mojawapo anayompa rafiki yake Watson ni kwamba huu ni msimu wa kusamehe. Kwa wizi, inakubalika. Msomaji anatabasamu na kito kinarudi kwa mwenyewe. Badilisha kosa liwe mauaji, uone ugumu wake. Mpelelezi hawezi kumfungulia mlango muuaji, na hawezi pia kuimba nyimbo za sikukuu na wenzake huku akijua kwamba amemkabidhi mtu kwa mnyongaji. Waandishi wa miaka ya 1930 walilijua tatizo hili vizuri, ndiyo maana wauaji wengi wa riwaya zao hunywa sumu, huanguka kwenye mwamba au hujipiga risasi chumbani kabla ya polisi kupanda ngazi. Tunaambiwa wamechagua njia ya kiungwana. Mwandishi ndiye aliyeichagua, kwa faida ya meza ya chakula.

Sasa tuzipime hoja za wanaozikataa. Iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika zaidi kila Desemba, ni kwamba mauaji yanainajisi Krismasi. Anayesema hivyo hajaiangalia kalenda ya kanisa lenyewe. Tarehe 26 Desemba ni ya Stefano, aliyepigwa mawe hadi kufa. Tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Tarehe 29 anakumbukwa Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa na mashujaa wanne wa mfalme ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170, kifo ambacho kiliwatoa mahujaji majumbani na kujaza nyumba za wageni za barabara ya Canterbury kwa zaidi ya miaka 300. Luka anasema mtoto alilazwa horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Mathayo anatuletea mauaji ya halaiki kabla sura ya pili haijaisha. Kifo hakikuingizwa kwenye sikukuu hii na wachapishaji wa London.

Hoja nzito zaidi ni ya Raymond Chandler, mwandishi wa Kimarekani aliyewashukia Waingereza mwaka 1944. Kwake, riwaya hizi zimejaa hila zisizowezekana. Alitaka mauaji yarudishwe kwa watu wanaoua kwa sababu, badala ya maiti kutupwa sakafuni ili fumbo lipatikane. Hapo ana haki, tena takwimu za leo zinampa haki kuliko alivyojua. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au ndugu zao, wastani wa 140 kwa siku. Mwanamke huuawa nyumbani na mtu anayemjua, kwa mkono, kwa kisu, kwa kilicho karibu. Hauawi kwa sumu adimu na binamu aliyetokea Argentina kufuata wosia. Riwaya tulivu kama hizi inamhamisha muuaji kutoka chumba cha kulala hadi sebule ya wageni, na huko ni kukimbia jambo. Hata hivyo Chandler aliteleza mahali pamoja. Alidhani uhalisia wa silaha na barabara chafu ndio uhalisia wote. Mpelelezi wake anatembea peke yake, anapigwa, anakunywa, na mwisho wa hadithi mji umebaki vilevile. Suala la jamii ndogo kuketi pamoja na kudaiwa maelezo ya kifo kilichotokea katikati yake, yeye hakuligusa. Waingereza aliowadharau waliligusa.

Watetezi nao wana hoja ninayoiheshimu, ila hawaifikishi mwisho. Wanasema riwaya hizi zilishamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu watu walihitaji faraja. Ni kweli, lakini faraja ya aina gani? Uingereza ilipoteza zaidi ya askari 700,000. Kwenye mnara wa Thiepval kaskazini mwa Ufaransa yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya waliopotea kwenye mapigano ya Somme bila kaburi linalojulikana. Mama wa mmoja wao hakujua mwanawe alikufa saa ngapi, wapi hasa, wala kwa amri ya nani. Halafu anafungua riwaya ambayo mtu mmoja tu amekufa, na kurasa 250 zinatumika kujua alikufa saa ngapi, alikuwa amekaa wapi, nani alipita ukumbini, na nani awajibike. Kifo kimoja kinahesabiwa mpaka mwisho. Mtu aliyepewa karatasi ya serikali yenye mistari miwili anahitaji hilo kuliko anavyohitaji moto wa kuni. Nadhani hapo ndipo penye nguvu ya riwaya hizi hadi leo, na msomaji wa Goma au Beni aliyezika ndugu bila uchunguzi wowote ataielewa nguvu hiyo bila kuwahi kuona theluji.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaishia nusu. Mwaka ambao riwaya nyingi za kihistoria huuchagua, muuaji aliyetiwa hatiani England alihukumiwa kifo, na jaji hakuwa na hukumu nyingine ya kutoa. Hali ilikuwa hivyo, ukiacha mabadiliko machache, mpaka watu wawili wa mwisho waliponyongwa tarehe 13 Agosti 1964 na bunge likaiondoa adhabu hiyo kwa mauaji mwaka uliofuata. Tufuate kalenda. Mtu aliyekamatwa kwenye nyumba ya wageni tarehe 26 Desemba angesubiri mahakama ya mzunguko ifike mjini mwezi Januari au Februari. Baada ya hukumu, desturi ilikuwa zipite Jumapili tatu. Akikata rufaa, wiki kadhaa zaidi. Kunyongwa kwake kungeangukia karibu na Pasaka. Wageni waliopeana mikono na kuondoka theluji ilipoyeyuka wangekuwa wamekwisha kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, na asubuhi moja ya masika kila mmoja wao, popote alipo, angeitazama saa ya ukutani.

Mfano halisi upo, na ni wa Krismasi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba 1922, Percy Thompson alichomwa kisu huko Ilford akirudi na mkewe Edith kutoka ukumbi wa maigizo. Aliyemchoma alikuwa Frederick Bywaters, kijana baharia aliyekuwa mpenzi wa Edith. Polisi walikuta barua za Edith kwa Bywaters, zenye maneno ya sumu na vioo vilivyosagwa, na barua hizo ndizo zilizomtia hatiani yeye pia, ingawa Bywaters alishikilia kwamba Edith hakujua lolote. Wote wawili walihukumiwa tarehe 11 Desemba. Rufaa zao zilikataliwa siku chache kabla ya Krismasi. Edith alizaliwa tarehe 25 Desemba 1893. Alitimiza miaka 29 siku ya Krismasi ndani ya selo ya waliohukumiwa kifo, gereza la Holloway. Walinyongwa saa ileile, yeye Holloway na Bywaters Pentonville, tarehe 9 Januari 1923. Gazeti lolote la wakati huo lilijaa habari hii, na waandishi wote wakubwa wa riwaya za upelelezi waliisoma. Walijua kabisa kinachofuata baada ya pazia lao kufungwa.

Haitakuwa haki kusema wote walikikimbia. Dorothy L. Sayers, katika riwaya yake ya 1937, alimpeleka mpelelezi wake bwanyenye hadi asubuhi ya kunyongwa kwa mtu aliyemkamata, na pale saa ilipogonga mpelelezi huyo akavunjika akilia mikononi mwa mkewe. Wako wasomaji waliolalamika kwamba umalizio huo unaharibu riwaya ya mapenzi. Kwangu ndio umalizio mkweli kuliko wote wa enzi hiyo, maana Sayers aliiacha burudani yake ilipe gharama yake. Na angalia kwamba haikumzuia kuchekesha kwa kurasa 300 zilizotangulia. Anayesema kitanzi kitaua utulivu wa riwaya ana kitabu hicho cha kukijibu kwanza.

Ndiyo maana nawabana zaidi waandishi wa sasa kuliko wale wa zamani. Mwandishi wa 1935 alikuwa na sababu ya kunyamaza: kila msomaji wake alijua mwisho, kama unavyojua kwamba baada ya mazishi kuna tanga. Mwandishi wa leo anaandika kwa watu ambao wengi wao hawakuwapo duniani kitanzi kilipoondolewa, kwa hiyo ukimya wake unageuka kuwa uongo. Na kadiri anavyorudi nyuma, uongo unakua. Kabla ya 1907 England haikuwa na mahakama ya rufaa ya jinai. Kabla ya 1898 mshtakiwa wa mauaji hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo kujitetea mwenyewe, na kabla ya 1836 wakili wake hakuruhusiwa kulihutubia jopo kwa niaba yake. Kwa sheria ya mwaka 1752, muuaji alinyongwa siku ya pili baada ya hukumu na mwili wake ukapewa madaktari wa upasuaji. Ukiweka haya mezani, sebule ya nyumba ya wageni inabadilika sura. Kijakazi anayeshukiwa mwaka 1790 akiwa amesimama karibu na moto, wageni wakimuuliza maswali, ana nafasi ya kujieleza pale kuliko atakayoipata mahakamani. Kama kuna mtu wa kumwokoa ni hao walioshiba chakula cha Krismasi, usiku uleule, kabla barabara haijafunguka. Hiyo ni riwaya ningeinunua kesho.

Suala hili linatugusa sisi kwa njia fupi kuliko inavyoonekana. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, ndugu wa Holmes wa wazi kabisa, akifumbua siri za nasaba na mali Unguja. Baadaye akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliipeleka hadithi ya upelelezi mjini na kwenye mambo ya dola, kwa bastola na pasipoti, na ule upelelezi wa kuketi na kuulizana ukapungua. Sishangai ukirudi, kwa kuwa vijana wanaoandika mtandaoni sasa wanazisoma riwaya hizi za Kiingereza. Wakiuchukua mtindo huo, wajue wanauleta mahali ambapo kitanzi hakijawa historia. Tanganyika ilipata Kanuni yake ya Adhabu kutoka kwa Waingereza mwaka 1930, na adhabu ya lazima ya kifo kwa kuua kwa kukusudia ikaja nayo. Uingereza iliiacha, Tanzania bado imeibeba, ingawa haijamnyonga mtu tangu 1994 na Mahakama ya Afrika ya Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kenya haijanyonga tangu 1987, na Mahakama yake ya Juu iliufuta ulazima huo Desemba 2017. Msomaji wa Kiswahili amekulia kwenye vichwa vya habari vya "ahukumiwa kunyongwa hadi kufa". Hatahitaji kuelezwa kilicho nyuma ya mlango.

Mwandishi wetu akitaka nyumba ya wageni na baridi ya Desemba anayo Lushoto. Aweke hapo hoteli ya walowezi mwaka 1952, mvua imekata barabara ya mlimani, mwenye mkonge mmoja amekutwa amekufa ghorofani asubuhi ya Krismasi. Ndani wamo wageni wanane wa Kizungu, mpishi, dobi na mlinzi. Kabla hajaandika sentensi ya kwanza itambidi aamue nani kati ya hao angeshukiwa kwanza na angeshukiwa na nani, na je, kitabu kinaisha barabara ikifunguka au kinaendelea hadi Mahakama Kuu, ambako kesi ingeendeshwa kwa Kiingereza, mpishi akisikiliza kupitia mkalimani, na wazee wa baraza wakitoa maoni ambayo jaji hakulazimika kuyafuata.